Karavani Katika Hafla ya Hisani: Nyumba Ndogo Yenye Kazi Kubwa

Saa mbili asubuhi, uwanja wa shule ya msingi umejaa watu waliovaa fulana za rangi moja. Matembezi ya hisani yanakaribia kuanza. Mama mmoja anamtafuta mtoto wake wa miaka sita. Mzee aliyetoka mbali bila kunywa chai anahisi kizunguzungu. Mfanyabiashara ameshika noti za mchango na anataka risiti. Wote watatu wanauliza swali moja: "Ofisi ya hafla iko wapi?" Mama anaelekezwa kwenye hema la wageni. Mzee anatumwa kwa kijana mwenye kipaza sauti. Mfanyabiashara anaambiwa angoje mwenyekiti arudi.

Hali kama hii inajulikana katika wadi nyingi. Wakazi wana moyo wa kutoa, na kamati ina nia njema. Kinachokosekana ni mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, ambapo pesa huandikwa, mgonjwa hupokelewa na mtoto aliyepotea hungojewa. Somo hili linaeleza jinsi karavani inavyoweza kuwa mahali hapo, kazi inazozimudu na zile zisizoifaa.

KARAVANI NI NINI

Karavani ni trela iliyojengwa kama chumba. Huvutwa na gari, na ndani yake huwa na meza, viti au vitanda, kabati, taa, tangi dogo la maji na mara nyingine jiko la gesi. Watalii huitumia kulala safarini. Katika hafla ya hisani, chumba hicho hicho hugeuka kuwa ofisi yenye mlango unaofungwa kwa ufunguo, paa lisilovuja na dirisha la kuhudumia watu.

Wazo la kupeleka huduma kwa magurudumu si geni nchini. Kampeni ya Beyond Zero, iliyozinduliwa Januari 2014 na Mama wa Taifa wa wakati huo, Margaret Kenyatta, ilichangisha fedha kwa nusu marathoni ya mwezi wa Machi mwaka huo, na kliniki tamba zikapelekwa katika kaunti. Matembezi ya hisani nayo yana historia. Tangu miaka ya 1990, Mater Heart Run imewakusanya Wakenya kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto. Mchango mdogo wa watu wengi, ukiwekwa pamoja kwa utaratibu, hufanya jambo ambalo familia moja haiwezi.

Kwa ajili ya somo hili, chukua mfano wa kamati ya mtaa inayoandaa matembezi ya kilomita 10 kumsaidia mtoto wa jirani anayehitaji upasuaji wa moyo. Kamati inatarajia watu 400. Kila mshiriki atanunua kadi ya shilingi 200.

JE, KARAVANI INAHITAJIKA?

Kabla ya kutafuta karavani, kamati ijiulize kama ipo njia rahisi zaidi. Ikiwa hafla inafanyika shuleni na mwalimu mkuu amekubali kutoa darasa lenye mlango imara karibu na lango, darasa hilo latosha. Hema, meza mbili na kabati la chuma vinaweza pia kutosha kwa hafla ya watu wachache.

Karavani inafaa zaidi katika hali tatu. Ya kwanza ni pale hafla inapofanyika uwanjani au kando ya barabara pasipo na jengo karibu. Ya pili ni pale shughuli inapohama, kwa mfano kampeni inayotembelea masoko matatu kwa siku tatu. Ya tatu ni pale mvua, vumbi au jua kali vinapoweza kuharibu karatasi na vifaa.

Gharama nayo ipimwe. Kodi ya karavani, mafuta ya gari la kuivuta na mlinzi wa usiku ni pesa zinazotoka. Ikiwa gharama hizo zitakula sehemu kubwa ya mchango, kamati iachane na karavani au imtafute mkazi atakayeiazima bila malipo. Mchangiaji anayetoa shilingi 200 kwa ajili ya mtoto hatafurahi kusikia kwamba shilingi 100 ziliishia kwenye trela.

RUHUSA NA SHERIA

Matembezi yanayotumia barabara yanagusa usalama wa watu wengi. Kamati iandike barua mapema kwa mkuu wa kituo cha polisi, ikitaja majina ya waandalizi, tarehe, saa na njia itakayotumiwa. Kwa mikutano na maandamano ya hadhara, sheria huweka muda wa kutoa taarifa kuwa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe. Kamati ya hisani ikiufuata muda huo, itawapa polisi nafasi ya kupanga askari wa trafiki.

Kuna pia Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inayosimamia ukusanyaji wa fedha kutoka kwa umma. Kamati iulize mapema katika ofisi za serikali zilizo karibu kama mchango wake unahitaji leseni. Chifu na msimamizi wa wadi wanaweza kuielekeza.

Jambo la tatu linahusu karavani yenyewe. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia ofisi au mahali pake pa kazi kukusanyia harambee, au kutumia wadhifa wake kumshinikiza mtu achange. Kwa hiyo, ikiwa trela au gari limetolewa na ofisi ya umma, ni busara litumiwe kwa habari, huduma ya kwanza na uratibu tu. Meza ya pesa iwe mahali pengine, mikononi mwa kamati ya wananchi.

Huduma za ambulensi, za kuzima moto na barabara za kaunti ni miongoni mwa kazi ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti. Kamati iziandikie idara hizo mapema ili zijue siku, mahali na idadi ya watu wanaotarajiwa.

KUILETA NA KUIEGESHA

Dereva awe mtu aliyezoea kuvuta trela na mwenye leseni inayomruhusu. Bima ya gari na ya trela zikaguliwe kabla ya siku ya safari. Gari linalovuta trela huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, hukata kona kwa upana na huhitaji nafasi kubwa kurudi nyuma. Mtu mmoja ashuke na kumwelekeza dereva kila anaporudi nyuma, hasa pale watoto wanapocheza.

Kabla ya kuondoka, mambo matano yakaguliwe: kiungo cha trela kimefungwa sawasawa, taa za nyuma na za kugeukia zinawaka, upepo wa magurudumu unatosha, madirisha na milango imefungwa, na mizigo imepangwa vizuri. Vitu vizito kama maji ya chupa na betri viwekwe sakafuni, karibu na mhimili wa magurudumu. Vikirundikwa nyuma kabisa, trela itayumba barabarani na inaweza kulipindua gari.

Karavani ifike jioni ya kuamkia siku ya hafla, au alfajiri kabla ya umati. Baada ya watu kuingia, gari lisisogezwe tena hadi uwanja utakapokuwa mtupu. Kanuni hii haina msamaha.

Mahali pa kuegesha pawe tambarare na pagumu, mbali na mkondo wa maji ya mvua na matawi makavu. Magurudumu yawekewe vizuizi pande zote mbili. Kisha miguu ya pembeni ishushwe ili kutuliza chumba. Miguu hiyo haikutengenezwa kuinua trela kama jeki, ikilazimishwa, huvunjika. Chini ya kila mguu pawekwe kipande cha mbao ili usizame kwenye udongo.

Mlango na dirisha la huduma vielekee uwanjani, kamwe visielekee barabarani, ili foleni isiwasukume watu kwenye njia ya magari. Karavani isizibe lango, kwa sababu ambulensi itapita hapo. Juu yake pawekwe bango lenye neno moja kubwa linalosomeka kutoka mbali: OFISI. Mabango ya wafadhili na picha za viongozi yakilifunika neno hilo, karavani haitamsaidia mgeni anayeitafuta.

KUGAWA NAFASI NA KAZI

Kosa la kawaida ni kuigeuza karavani kuwa sebule ya wageni mashuhuri. Soda hupangwa mezani, viti hukaliwa, na mhudumu mwenye daftari hukosa pa kukaa. Wageni watengewe hema lao. Ndani ya karavani wakae wenye kazi pekee, na orodha ya majina yao ibandikwe mlangoni.

Kwa hafla ya watu 400, watu wanne wanatosha kwa zamu moja. Wa kwanza hukaa dirishani akitoa habari. Huyu awe mpole na anayejua lugha za eneo, kwa kuwa ndiye sura ya hafla. Akisema "Karibu mama, nikusaidie nini?" amekwisha kumtuliza aliyekuja na wasiwasi. Wa pili na wa tatu hukaa kwenye meza ya pesa. Wa nne huwasiliana kwa simu na walioko njiani, na kuandika kila ujumbe pamoja na saa ulipofika.

Njia ya kilomita 10 inaweza kuwekewa vituo vitano, kimoja kila baada ya kilomita 2, cha mwisho kikiwa pale matembezi yanapomalizikia. Kila kituo kiwe na mtu mwenye simu iliyojaa chaji. Mtembeaji wa mwisho anapopita, mwenye kituo huipigia ofisi. Kwa njia hiyo, aliye karavanini hujua wakati wote msafara umefika wapi, na hakuna mzee anayeachwa nyuma juani bila mtu kujua. Pale mtandao unapokatika, mwendesha boda boda mmoja aliyeandaliwa mapema anaweza kupeleka ujumbe.

PESA NA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ingefaa kuandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya hafla. Mchango ukipotea, atakayeumia kwanza ni mtoto anayengoja upasuaji. Hasara ya pili hudumu zaidi: mwaka ujao, familia nyingine itakapopatwa na shida, majirani watakumbuka na watafunga mikono.

Kadi zipigwe nambari kuanzia 001 hadi 400. Anayechukua kadi kwenda kuuza atie sahihi kwa nambari alizopewa. Malipo ya simu yaingie kwenye nambari ya malipo au akaunti iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, wala si simu ya mtu binafsi. Nambari hiyo iandikwe kwa herufi kubwa dirishani, pamoja na jina litakalojitokeza kwenye ujumbe, ili mchangiaji ahakikishe kabla ya kutuma.

Pesa taslimu zipokewe na watu wawili pamoja: mmoja anahesabu, mwingine anaandika risiti. Sanduku la pesa lifungwe kwa kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili tofauti. Lisiachwe usiku ndani ya karavani, kwani kuta zake ni nyepesi na kufuli ya mlango wake ni dhaifu kuliko ya nyumba.

Mwisho wa siku hesabu ifungwe hapo hapo. Katika mfano wetu, kadi 400 zilitolewa na 74 zikarudi bila kuuzwa, kwa hiyo 326 ziliuzwa. Kadi 326 kwa shilingi 200 ni shilingi 65,200. Taarifa ya simu inaonyesha shilingi 46,800, na sanduku lina shilingi 18,400. Ukijumlisha, unapata 65,200. Hesabu imelingana. Kama sanduku lingekuwa na 17,400, kamati ingeandika wazi kwamba shilingi 1,000 zimepungua na kutafuta sababu jioni hiyo, wakati wauzaji wote bado wapo. Pengo lililoandikwa laweza kuelezwa. Lililofichwa huzaa uvumi.

MTOTO ALIYEPOTEA NA MGONJWA

Kabla ya matembezi kuanza, kipaza sauti kitangaze mara tatu: "Mtoto akipotezana na mzazi wake, apelekwe kwenye karavani." Watoto wenyewe waonyeshwe karavani kwa kidole. Akiletwa mtoto, wahudumu wawili wakae naye, mlango ukiwa wazi. Maelezo yake yote yasitangazwe. Anayekuja kumchukua ndiye aulizwe jina la mtoto, umri na nguo alizovaa, naye mtoto atazamwe kama anamtambua. Ikiwa hakuna anayejitokeza, polisi waarifiwe. Simu ya msaada kwa watoto nchini ni 116, na haina malipo.

Kwa upande wa wagonjwa, karavani si hospitali. Ndani yake kiwepo kisanduku cha huduma ya kwanza, maji safi, blanketi na mtu aliyefunzwa. Wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo waombwe kushiriki. Aliyezidiwa na joto apumzishwe kivulini. Mwenye maumivu ya kifua, aliyezimia au anayepumua kwa shida apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Nambari za dharura 999 na 112, pamoja na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, zibandikwe ukutani.

UMEME, GESI NA MAJI

Karavani nyingi hutumia betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya aina ya kawaida ya risasi na asidi, ni vyema kutumia nusu tu, yaani wati-saa 600, ili isiharibike. Kamati inaweza kupiga hesabu rahisi. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 hutumia wati-saa 100. Kompyuta ya mkononi ya wati 40 kwa saa 6 hutumia 240. Kuchaji simu 10, kila moja kwa takriban wati-saa 15, ni 150. Jumla ni 490. Betri itatosha, na akiba kidogo itabaki kwa umeme unaopotea njiani. Birika la umeme la wati 2,000 lingeimaliza akiba hiyo kwa dakika chache, na vipaza sauti vikubwa vitafutiwe umeme wao.

Ikiwa jenereta itatumika, ikae nje, mbali na mlango na madirisha, mahali ambapo upepo hausukumi moshi ndani. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyoonekana wala kunusika, ambayo huua mtu aliye ndani ya chumba kidogo kabla hajatambua hatari. Jiko la makaa lisiingizwe karavanini hata kama kuna baridi. Mtungi wa gesi wa karavani ufungwe wakati wa safari, na chai ipikwe nje. Mtungi wa kuzima moto uwe karibu na mlango, na kila aliye zamu ajue kuutumia.

Choo kidogo kilichomo karavanini ni cha wenye zamu tu. Umati wa watu 400 unahitaji vyoo vya shule au vya kukodi. Maji machafu yasimwagwe uwanjani.

BAADA YA HAFLA

Karavani iwe ya mwisho kuondoka. Mara nyingi mzazi aliyesahau koti, mshiriki aliyepoteza simu na muuzaji mwenye kadi ambazo hazijarudishwa hufika watu wanapotawanyika. Ikiondolewa mapema, wote hao watarudi nyumbani na malalamiko.

Ndani ya siku chache, kamati ibandike taarifa ya ukurasa mmoja sokoni, kanisani, msikitini na katika ofisi ya chifu: kilichopatikana, kilichotumika na kilichopelekwa hospitalini, pamoja na nambari ya risiti ya hospitali. Fedha za matibabu zilipwe moja kwa moja kwa hospitali inapowezekana. Maelezo ya ugonjwa wa mtoto na picha yake yasitolewe bila idhini ya mzazi au mlezi, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari hizo. Mtoto atapona na kukua. Picha iliyosambazwa kwenye simu haifutiki kwa urahisi.

Neno Harambee limeandikwa kwenye nembo ya taifa, nalo huwaita watu kuvuta pamoja. Wavutao pamoja huhitaji kujua kamba iko wapi na nani ameishika ncha yake. Karavani iliyoegeshwa vizuri, yenye daftari wazi na mhudumu mpole dirishani, huwaonyesha wakazi hayo yote mawili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika hafla ya mwisho iliyofanyika mtaani, mgeni angejua ofisi iko wapi? Angejuaje?
2. Je, kuna jengo ambalo lingetumika badala ya karavani? Gharama ingepungua kwa kiasi gani?
3. Ni nani wawili wanaoaminiwa kushika funguo za sanduku la pesa, na kwa nini wasiwe wa familia moja?
4. Ikiwa kadi 250 za shilingi 200 zimetolewa na 38 zimerudi, ni kiasi gani kinapaswa kuwepo? (Jibu: shilingi 42,400.)
5. Mwanamume anafika dirishani na kusema yeye ni mjomba wa mtoto aliyepotea. Mhudumu afanye nini kabla ya kumkabidhi mtoto?